Anayetumia unga bila kumgusa mtu: jela, faini au kliniki?

mpiga_hoja

Wakuu, salaam. Kuna mdahalo unakuja na mada ni kwamba mtu mzima anayejihatarisha mwenyewe asishtakiwe. Nimepangiwa upande wa kuunga mkono na sitaki kwenda na maneno matupu ya "uhuru wa mtu".

Kinachonitatiza ni hiki. Sheria tayari inamwingilia mtu kwenye hatari yake mwenyewe: bodaboda bila kofia ngumu ni kosa, gari bila kufunga mkanda ni kosa. Lakini hayo ni makosa ya faini, unalipa unaendelea na safari yako. Pombe kali inauzwa kwa leseni, sigara vilevile. Ukifika kwenye unga, yaani heroini, mtu yuleyule mwenye akili timamu anaingizwa kwenye jinai. Nani aliweka mpaka hapo, na kwa kipimo gani?

Wanaojua sheria wanisaidie: aliyekamatwa na kete moja au mbili (vifurushi vidogo vya unga) hasa anashtakiwa vipi? Ureno wanayosifiwa walifanya nini, na kwa nini Oregon kule Marekani wamerudi nyuma? Na wa afya: mtu akinywa methadoni ya serikali, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, kila siku kwa miaka, tofauti yake na teja iko wapi? Swali hilo najua nitaulizwa.

---

karani_wa_shauri

Mkuu, jambo la kwanza usichanganye kuhalalisha na kuondoa jinai. Kuhalalisha ni kama bia: leseni, kodi, umri wa mnunuzi. Kuondoa jinai ni dawa kubaki marufuku, ikikutwa inachukuliwa, muuzaji anakwenda jela kama kawaida, ila mtumiaji anashughulikiwa nje ya mahakama ya jinai. Wapinzani wako watajitahidi kukusukuma kwenye la kwanza ili waseme unataka unga uwekwe rafu moja na sukari. Kaa kwenye la pili.

Kwa Tanzania sheria ni ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya 2015, iliyofuta ile ya 1995. Wengi wanabishania kifungu cha matumizi, wakati mtego uko kwenye upana wa kosa la usafirishaji. Kosa hilo halihitaji begi wala uwanja wa ndege. Linabeba kununua, kutoa, kuhifadhi na hata kumiliki. Marekebisho ya 2017 yakaleta kifungu cha 15A: kwa dawa kama heroini isiyozidi gramu 200, ukitiwa hatiani kwa usafirishaji ni miaka 30. Kwa kifungu hicho, mwenye gramu 2 na mwenye gramu 190 wanakaa benchi moja.

Kwa hiyo hatima ya mtu wa kete chache inaamuliwa mapema sana, pale hati ya mashtaka inapoandikwa: ni kiasi kidogo cha kutumia, au ni usafirishaji? Wapelelezi wanaangalia mazingira: idadi ya kete na namna zilivyofungwa, noti ndogondogo nyingi mfukoni, wembe, vipande vya nailoni vilivyokatwa tayari, mizani. Shida ni kwamba anayenunua za siku tatu ili asirudi kijiweni kila asubuhi anafanana kabisa na anayeuza. Tena wauzaji wengi wa kete ni watumiaji wanaouza ili wapate yao. Mpaka kati ya "mgonjwa" na "mhalifu" ambao kila mtu anautaja kirahisi kwenye midahalo, mtaani haupo.

Halafu kuna ushahidi. Kete ina uzito pungufu ya gramu, na kinachopimwa ni mchanganyiko wote, si heroini tupu. Hati ya ukamataji inatakiwa kusainiwa palepale na askari, mtuhumiwa na shahidi huru. Kielelezo kinafungwa kwenye bahasha, kinapigwa lakiri, kinaandikwa kwenye rejista ya vielelezo, kinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kinapimwa, kinarudi. Kila mkono kinapopita lazima kuwe na maandishi au shahidi wa kueleza. Yanayoharibika ni yaleyale: eneo la tukio zimehesabiwa kete 12 na maabara zimefika 11, bahasha haina saini, shahidi huru ni askari mwenzake aliyevaa kiraia. Rufaa nyingi zinashinda kwa mnyororo huo kukatika, lakini kufikia hapo mtu ameshakaa ndani muda mrefu. Hesabu hiyo iweke mezani: askari, mkemia, hakimu, chakula cha gereza, kwa kitu kinachoenea kwenye ukucha.

Wakikwambia mikataba ya kimataifa inatufunga mikono, jibu lipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 unataka kumiliki kwa matumizi binafsi kuwe kosa, ila kwa kuzingatia katiba na misingi ya sheria ya kila nchi, na unaruhusu matibabu yachukue nafasi ya hukumu na adhabu. Mlango uko wazi kuliko inavyosemwa.

---

dada_mshauri

Naomba niwe upande wa pili, maana naona uzi unaelekea kulala ubavu mmoja.

Hilo la "hajamgusa mtu" mnalipitisha haraka mno. Heroini si jambo la Jumamosi jioni. Ikishika, mtu anahitaji dozi mara mbili, tatu, nne kwa siku, kila siku, sikukuu na msiba. Mwenye kibarua cha kutwa hawezi kuibeba gharama hiyo kwa mshahara peke yake. Kitakachofuata ni simu ya mama, bati la jirani, nondo za kanisa au msikiti. Mjamzito anayetumia anazaa mtoto mwenye arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Wanaochangia sindano wanapeana VVU na homa ya ini aina ya C, kisha wanakwenda kwa wenza wao ambao hata bangi hawajawahi kuionja. Kofia ya bodaboda haina mlolongo huo, kwa hiyo mfano wake ni mwepesi.

Na kuna jambo la familia ambalo wanasheria hawaliandiki. Mzazi anapokwenda kituoni kumripoti mwanawe, hataki afungwe miaka 30. Anataka mtu mwenye mamlaka amshike atulie. Baba kashindwa, shehe kashindwa, mchungaji kashindwa. Mkiondoa jinai, mnaiondoa kamba ya mwisho ya kumvutia mtu kliniki. Nipeni mbadala wake kwanza.

---

zamu_ya_asubuhi

Dada, hoja ya kamba ni ya kweli na sitaibeza. Ila angalia kamba yenyewe inamfanya nini mwili wa mtu, kwa saa.

Mtumiaji wa heroini akiwekwa mahabusu, arosto inaanza kati ya saa 6 na 12 tangu dozi ya mwisho: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, kutapika, kuhara, misuli kukaza, usingizi hakuna. Baada ya wiki hivi mwili unatulia. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi haiui, isipokuwa ataachwa bila maji. Anayetapika na kuhara siku tatu kwenye selo ya joto anaweza kufa kwa upungufu wa maji, si kwa arosto yenyewe. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari, kidogokidogo, mfululizo.

Familia inaona siku ya saba kijana ametulia, anakula, inasema amepona. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Uvumilivu wa mwili kwa dawa umeshuka, hamu haijashuka. Siku ya kutoka anarudi kwenye kipimo alichokizoea kabla ya kukamatwa, na kete ileile iliyokuwa inamwondolea arosto sasa inazima sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani ndizo mbaya kuliko zote. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana hapo. Akichanganya na pombe au valiamu, ndiyo kabisa.

Dalili za aliyezidisha: haamki hata ukimsugua kifua kwa ngumi, mboni ndogo kama kichwa cha pini, midomo inageuka rangi, pumzi chache zenye mkoromo. Wengi wanakosea hapa: wanamwagia maji, wanampa maziwa, au wanamwacha "alale ipite". Anachokosa ni hewa. Mpulizie pumzi, moja kila sekunde tano au sita. Kama kuna naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja au bega, subiri dakika 2 hadi 3, kama hajaanza kuvuta hewa vizuri rudia. Akizinduka anaanza kupumua usimlaze kifudifudi, mlaze ubavu. Na usimwache: naloksoni inaisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, heroini inaweza kuwa bado imo, na kama alikuwa na methadoni itakaa muda mrefu zaidi ya hapo. Anaweza kuzima tena akiwa peke yake.

Hapa sheria inaingia mlangoni kabisa. Waliokuwa naye kijiweni wanajua wakimpeleka hospitali au wakiita polisi watashikwa wote. Wanakimbia. Kuna nchi zimetunga kinga ya kutokumshtaki aliyeita msaada, hata bila kugusa sheria nyingine yoyote. Kwa mdahalo wako hicho ni kitu kidogo, rahisi kukitetea, na hata anayechukia mateja anaweza kukikubali.

Sasa swali la methadoni. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana mtu anaishi kwa saa: kutafuta, kutumia, kulewa, arosto, kutafuta. Methadoni inashika vipokezi vilevile vya ubongo lakini polepole, kilele ni saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, na inabaki mwilini zaidi ya siku nzima. Kwa dozi iliyotulia mtu halewi wala hapati arosto, na akijidunga unga juu yake haupati msisimko wa zamani. Utegemezi upo, sisi hatuufichi. Kilichoondoka ni sindano, wizi na ile mbio ya kutwa. Mwenye kisukari anayedunga insulini kila siku hatumwiti mlevi.

Utaratibu wenyewe: siku ya kwanza 15 hadi 30 mg, na anakuja akiwa na dalili za arosto, si akiwa amelewa. Inapandishwa 5 hadi 10 mg kila baada ya siku chache, si kila siku, kwa sababu dawa ya jana na juzi bado imo na inajilimbikiza. Vifo vya methadoni vingi vinatokea wiki mbili za kwanza, kwa sababu mtu anaona "hainishiki" anaongezea unga au valiamu juu. Dozi ya kukaa nayo kwa wengi ni 60 hadi 120 mg. Inanyweka ya maji, mbele ya muuguzi au mfamasia, na anaongea kabla hajaondoka ili ionekane hajaibana mdomoni akaiuze nje. Wiki nzima, Jumapili na Idi.

Yanayoharibu dozi nayataja kwa sababu watu wanayaita "ukaidi wa teja". Mgonjwa wa kifua kikuu akianzishiwa rifampisini, ini linaiyeyusha methadoni haraka kuliko kawaida. Ndani ya wiki mbili hivi mtu mwenye 80 mg anarudi na arosto kamili. ARV ya efavirenzi inafanya vivyo hivyo, za sasa zenye dolutegraviri hazina shida hiyo. Dozi inatakiwa kupandishwa. Isipopandishwa anarudi kijiweni na faili linaandikwa "ameshindwa".

Na kinachoharibu kuliko yote ni kukamatwa. Akikosa siku tatu mfululizo dozi inakatwa karibu nusu, akifika tano anaanza upya kama mgeni. Msako wa Ijumaa usiku unaomshikilia mtu hadi Jumatano unafuta miezi ya kazi. Pwani ya Kenya wana kliniki ndani ya gereza la Shimo la Tewa, ili anayeingia asikatishwe. Muhimbili ilianza methadoni Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Pale kliniki na kituo cha polisi wanapojuana kwa simu, dozi inamfuata mtu. Pasipo hivyo, mkono mmoja wa serikali unalipia dawa na mwingine unaimwaga.

---

kijiko_cha_chumvi

Ongezea hili kwenye hoja yako ya kipimo: arosto ya heroini inatesa, lakini ya pombe ndiyo inayoua. Mlevi wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha kuweweseka na homa. Valiamu hivyohivyo. Hakuna aliyepanga sheria kwa kuangalia hatari ya mwilini.

---

mvuvi_wa_hoja (Mombasa)

Kweli kabisa, na ukitaka ushahidi wa karibu usiende mbali, nenda Namanga. Upande wa Kenya miraa ni zao la biashara, Meru wanasomesha watoto kwayo, na liko kwenye orodha ya mazao yanayosimamiwa na serikali. Ukivuka hatua chache yanaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya; kule Same mashamba yanang'olewa na watu wanashtakiwa. Uingereza nayo iliruhusu hadi Juni 2014 ikapiga marufuku, ilhali baraza lake la wataalamu lilikuwa limeshauri mwaka mmoja kabla kwamba isifanye hivyo. Jani ni lilelile.

Sasa Ureno. Sheria ni Na. 30 ya 2000, ikaanza Julai 2001. Mtu akikutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, polisi wanachukua dawa, wanaandika karatasi, na ndani ya saa 72 anatakiwa mbele ya kamisheni ya wilaya. Si mahakama. Ni watu watatu mezani kutoka fani za sheria, afya na ustawi wa jamii, na iko chini ya upande wa afya. Kwanza wanauliza: huyu ni mtegemezi au anajaribu tu? Asiyekuwa mtegemezi na hana rekodi, shauri linasimamishwa. Akirudia anaweza kupigwa faini, kuzuiwa kwenda sehemu fulani au kutakiwa kuripoti. Mtegemezi hapigwi faini kabisa, kwa sababu wanajua pesa hiyo ataitafuta wapi. Anapewa njia ya matibabu na shauri linasubiri.

Dada mshauri, kamba yako ndiyo hiyo. Hawakuiacha, waliitoa mkononi mwa hakimu.

Lakini kamisheni peke yake isingefanya kitu. Ureno walikuwa wanabadilisha sindano kupitia maduka ya dawa tangu 1993, na methadoni nayo ilipanuliwa kwa pesa za kweli. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yalikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka wakati sheria inaanza, na miaka ya karibuni yamekuwa makumi tu. Hiyo ni kazi ya sindano safi na methadoni. Sheria iliwaondolea watu hofu ya kuzifuata. Baadaye, 2012, taasisi iliyoshika kazi yote ikavunjwa na majukumu yakagawanywa wakati wa kubana matumizi, na malalamiko ya mitaani yakarudi katika baadhi ya miji. Anayekuonyesha mafanikio ya Ureno bila kutaja bajeti, muulize tena.

Oregon walifanya kinyumenyume. Wapiga kura walipitisha Novemba 2020, ikaanza Februari 2021: kumiliki kidogo kukawa tikiti ya dola 100, na tikiti inafutwa ukipiga simu namba fulani upimwe afya. Wengi hawakulipa wala hawakupiga, na hakukuwa na kitu kinachowapata. Pesa za matibabu zikachelewa kufika kwa watoa huduma, na wakati huohuo fentanili ikaingia pwani ile ya magharibi, dawa ambayo kosa dogo la kipimo linaua. Vifo vilipanda, mahema yakajaa katikati ya Portland, watu wakaunganisha mambo yote kuwa moja. Septemba 2024 kumiliki kukawa kosa la jinai tena, na kaunti nyingi zikaweka njia ya kupelekwa matibabu kabla ya mashtaka. Ni kiasi gani kililetwa na sheria na kiasi gani na fentanili, wataalamu bado wanavutana. Ninachokiona mimi: karatasi yenye namba ya simu si kamisheni. Mtu mwenye arosto hatapiga simu ili kuokoa dola 100.

Kenya yetu ilibadilisha sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994 mwaka 2022 na adhabu zikaanza kwenda kwa uzito. Ni hatua, ila bado ni jinai na adhabu bado nzito.

---

mpiga_hoja

Nashukuru sana wakuu. Swali moja la mwisho. Nikisimama kudai mtu wa kiasi kidogo asishtakiwe, wataniuliza "kidogo" ni gramu ngapi. Niseme ngapi?

---

karani_wa_shauri

Usitaje namba kabla hujaeleza namba hiyo itafanya kazi gani.

Ureno jedwali lao linasema heroini gramu 1, kokeini gramu 2, bangi ya majani gramu 25, hashishi gramu 5, zote zikiwa makadirio ya siku 10. Yaani heroini gramu 0.1 kwa siku. Mtegemezi wa muda mrefu anaivuka asubuhi. Mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu ikasema anayezidi siku 10 ni mhalifu hata kama ni ya kwake, watu wakaanza kurudi mahakamani, mpaka 2023 sheria ikarekebishwa: kuzidi kiasi hicho ni dalili tu, na mtu anaweza kuonyesha kuwa ni yake ya kutumia.

Mexico 2009 waliweka heroini miligramu 50. Kwa kiasi hicho karibu kila mtumiaji anavuka, kwa hiyo sheria iliyoandikwa kumkinga ikawa kipimo cha kumfunga. Ukienda upande wa pili ukaweka kubwa, wauzaji wanafika na pungufu kidogo ya kizingiti na kuacha nyingine kwenye paa la banda.

Kwa hiyo kama ni mimi ningesema hivi: chini ya kiasi fulani sheria ichukulie ni ya kutumia, na anayedai ni biashara ndiye alete ushahidi wa biashara, yaani noti, mizani, wanunuzi, mawasiliano. Juu ya kiasi hicho dhana igeuke, lakini mtu abaki na nafasi ya kueleza, na hati ya kliniki ya methadoni ikubalike kama sehemu ya maelezo hayo. Kiasi chenyewe kiwekwe na watu wa kliniki wanaojua mtu anatumia kete ngapi kwa siku na mkemia anayejua kete ya mtaani ina uzito gani, na kiangaliwe upya kila baada ya miaka michache, kwa sababu ujazo na usafi wa kete hubadilika mzigo ukiadimika.

Na mwombe atakayekupinga akueleze jambo moja la utekelezaji: kituo kidogo cha polisi kina mizani ya kupima sehemu ya gramu? Kama hakina, uzito unaosomwa mahakamani unapatikana maabara baada ya wiki kadhaa, na muda wote huo mtu yuko mahabusu kwa kosa ambalo bado halijulikani ni lipi.